TUJUE MANENO YANAPOAZIMWA

Elimu ya lugha ni sehemu ya elimu ya siasa. Tunaitanguliza kauli hii kwa kuwa wako wanaodhani kwamba maneno kama tashbihi, sitiari, istiara, tashihisi, kinaya, mubalagha, tafsida na takriri ni mali ya walimu wa sekondari na wasahihishaji wa mitihani, na kwamba mkata mkonge, mvuvi, mama muuza samaki na katibu wa tawi hawana haja nayo. Sisi hatukubaliani na mawazo hayo. Mwananchi asiyeweza kutenganisha neno lililosemwa kwa maana yake na neno lililosemwa kwa mfano anaweza kupewa mfano badala ya haki yake, akashukuru na kupiga makofi.

Tuanze na shule, maana huko ndiko maneno haya yanakofundishwa, au tuseme yanakokaririshwa. Mwanafunzi wa kidato cha pili ukimwuliza tashbihi ni nini, atakujibu pasipo kuvuta pumzi kwamba ni tamathali ya semi inayolinganisha vitu viwili kwa kutumia maneno kama vile "kama", "mithili ya" na "mfano wa". Mwombe mfano, atakwambia Juma ni mkali kama simba. Mwulize sitiari, atakwambia Juma ni simba. Juma huyo amekuwa simba katika madaftari ya watoto wetu kwa miaka mingi mno, wala hatujapata kusikia kwamba amegeuka kuwa mnyama mwingine. Lakini mpe mwanafunzi huyo huyo gazeti, au mchukue mkutanoni, umwambie akuonyeshe sitiari moja tu iliyopita mbele yake, utamwona anaduwaa. Amefundishwa jina la chombo, hakufundishwa kukitambua kinapofanya kazi. Ni sawa na mtoto wa seremala ajuaye kutaja randa, patasi na msumeno ilhali hajapata kuona ubao ukichongwa.

Majina yenyewe, kwa sehemu kubwa, yametokana na Kiarabu, na chanzo chake ni elimu iitwayo balagha, yaani elimu ya kufikisha maana kwa ufasaha. Wanazuoni waliigawa elimu hiyo mafungu matatu: maani, inayoangalia jinsi sentensi inavyojengwa kulingana na hali ya msikilizaji, bayani, ambayo ndiyo yenye tashbihi, istiara na kinaya, na badii, inayoshughulikia mapambo ya matamshi na ya maana. Mmoja wa wakubwa wao alikuwa Abdul-Qahir al-Jurjani, aliyeishi Uajemi katika karne ya 11, ambaye vitabu vyake viwili, Asrar al-Balagha na Dalail al-Ijaz, vingali vinasomwa mpaka leo. Wengi wetu tuliopitia chuoni kabla ya kuingia shule ya Serikali hatukuifikia elimu hiyo. Sisi tulisoma alifu na be, tukaunganisha herufi, tukahitimu juzuu. Balagha ilikuwa ya wakubwa waliokaa darsa. Hata hivyo majina yake tuliyasikia vinywani mwa masheikh, na tulipofika sekondari tukayakuta tena ubaoni, mengine yakiwa na maana ile ile na mengine yakiwa yamebadilika kabisa.

Hapa ndipo penye fundo ambalo walimu wengi hulipita haraka. Chukua sitiari na istiara. Katika vitabu vingi vya shule zetu, sitiari ni kukiita kitu kwa jina la kitu kingine, na istiara ni hadithi nzima ambayo ndani yake imefichwa hadithi nyingine. Hayo ni maneno mawili yenye maana mbili. Lakini asili yake ni neno moja la Kiarabu lenye maana ya kuazima. Na ukilishika neno hilo, kuazima, umeshika kiini cha jambo lote. Anayesema "mji wetu umelala" ameliazima neno kutoka kwa mwenye usingizi akalipeleka kwa mji, kama vile mtu aazimavyo sufuria kwa jirani. Sufuria ya kuazima ina masharti: unajua ni ya nani, unajua umeichukua kwa kazi gani, na kazi ikiisha hurejeshwa. Matatizo mengi ya lugha ya hadhara hutokea pale sufuria inapokaa kwa mwazimaji muda mrefu mpaka mwenyewe na majirani wote wakasahau ilikotoka.

Kwa hakika wanazuoni wa balagha wangeweza kumsahihisha hata huyo Juma wetu. Kwao tashbihi ina nguzo nne: kinachofananishwa, kinachofananishwa nacho, neno la kufananishia, na jambo ambalo kwalo viwili hivyo vimefanana. Ukisema Juma ni kama simba kwa ushujaa, umezitimiza nguzo zote nne. Ukisema Juma ni simba, umeondoa nguzo mbili, lakini Juma yupo na simba yupo. Basi wao husema hiyo ingali tashbihi, tena tashbihi iliyo kali kuliko zote, nayo huitwa tashbihi balighi. Istiara kwao huanza pale upande mmoja unapoondoka kabisa, kwa mfano mtu aseme, "Leo nimemwona simba akihutubia mimbarini." Shule zetu huiita "Juma ni simba" sitiari bila ya kusita. Hatusemi kwamba shule zimekosea, maana lugha inapopokea neno ina haki ya kulipa kazi nyingine. Tunasema tu kwamba mwalimu anayejua nguzo hizo nne ana silaha kubwa kuliko mwalimu mwenye maana ya kukariri, hasa kwa sababu ya ile nguzo ya nne. Hiyo ndiyo swali ambalo kila msikilizaji anapaswa kuliuliza: vimefanana kwa lipi?

Neno kinaya nalo limehama. Katika vitabu vyetu ni kusema kinyume cha unachokusudia, kama mama anayemwambia mtoto aliyevunja vyombo, "Hongera, umefanya kazi nzuri." Katika balagha kinaya ni kutaja jambo kwa kutaja kitu kinachoandamana nalo. Mfano wao mashuhuri ni kumsifu mtu kwamba jikoni mwake mna majivu mengi, maana yake ni mkarimu, kwa kuwa majivu hutokana na kuni, kuni na mapishi, na mapishi na wageni. Kiswahili kina hazina kubwa ya namna hiyo hata kama hatuiiti kinaya: mwenye mkono mrefu hapimwi kwa futi, na mwenye mkono wa birika hana tundu la kumiminia chai. Vivyo hivyo majazi, ambayo kwa Waarabu ni kila neno lisilotumika kwa maana yake ya hakika, kwetu imekuwa ni mtindo wa mwandishi kuwapa wahusika majina yanayolingana na tabia zao.

Na kwa kuwa tumetaja majazi, hatuwezi kumpita Shaaban Robert, mwana wa Vibambani katika mkoa huu wa Tanga. Kitabu chake cha Kusadikika kilitoka mwaka 1951, miaka 10 kabla ya Uhuru. Kinasimulia nchi iliyo angani, na kijana aitwaye Karama anayeshtakiwa kwa kosa la kutaka kufundisha uanasheria. Mshtaki wake anaitwa Majivuno. Karama anajitetea siku baada ya siku kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita kutafuta elimu na manufaa kwa ajili ya nchi yao, wakarudi na hazina kubwa, na badala ya kushukuriwa wakaadhibiwa. Msomaji asiyejua istiara atasoma kisa cha watu waishio hewani, atacheka, atafunga kitabu. Msomaji ajuaye atauliza mara moja: nchi gani hii ambamo kufundisha sheria ni kosa, na anayeleta habari njema hufungwa? Naye aliyeandika alikuwa mtumishi katika serikali ya kikoloni tangu ujana wake, kuanzia idara ya forodha. Nchi hiyo iliwekwa angani kwa sababu ardhini ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na polisi.

Hiyo ndiyo kazi ya istiara mikononi mwa mtu muungwana aliyebanwa. Amesema kweli yote mbele ya mtawala, na mtawala akakosa pa kumshikia. Watoto wanaoambiwa wakariri kwamba "istiara ni hadithi yenye maana iliyofichika", kisha wakaambiwa wataje wahusika sita na tabia zao, wamenyimwa jambo lenyewe. Hawakuambiwa kilichofichwa kilifichwa kwa nani, na kwa nini.

Kuna mvutano mwingine wa istilahi ambao wazee wetu wanaukumbuka, ule wa vina na mizani. Sheikh Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na humo maneno kama ubeti, mshororo, ukwapi na utao yakapata maelezo yaliyowafaa malenga wa kizazi chake na cha baadaye. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, wengine walisema hayo si mashairi kwa kuwa hayana mizani ya kuhesabika, na magazeti yakajaa majibizano. Sisi mapenzi yetu yako kwa tarbia yenye mizani 16, nane huku na nane kule, wala hatufichi. Lakini tunaona kwamba ubishi ule ulikuwa na heri: kila upande ulilazimika kujua vizuri maana ya maneno uliyoyatumia. Siku hizi hata ubishi umepungua.

Sasa tuje katika siasa, maana ndiko tulikokusudia kufika.

Taifa letu limejengwa kwa tamathali. Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Iringa mwezi Mei, 1972, ilitoa tamko lililoitwa Siasa ni Kilimo. Kwa maana ya hakika, siasa si kilimo; siasa haina jembe wala palizi. Viongozi wale waliyaunganisha mambo mawili ili kila mwanachama ajue kwamba mwanasiasa asiyeshughulika na shamba la mkulima hafanyi siasa. Mwaka uliofuata, 1973, ikaja kampeni ya elimu ya watu wazima iliyoitwa Mtu ni Afya. Hiyo nayo ni tamathali: mtu si afya, mtu ana afya au hana. Lakini tazameni kilichofuata baada ya jina. Wananchi walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kusoma vijitabu, kisha wakaambiwa kwa maneno yasiyo na mfano wowote: chimbeni choo, chemsheni maji ya kunywa, fyekeni majani yaliyozunguka nyumba, fukieni madimbwi. Choo ni choo. Kimechimbwa au hakikuchimbwa, na mjumbe wa nyumba kumi aliweza kwenda kukitazama.

Mfano ulio bora zaidi, kwa maoni yetu, ni Azimio la Arusha la mwaka 1967. Mtu yeyote aliyelisoma anajua kwamba lina sehemu zenye moto. Linazungumza juu ya vita ya mnyonge dhidi ya umaskini, na linaonya kwamba fedha si silaha ya mnyonge katika vita hiyo. Vita, silaha: maneno yote mawili ni ya kuazima, nayo yanafanya kazi yake ya kuamsha moyo. Lakini mtu akifika mahali panapotajwa masharti ya uongozi, lugha hubadilika ghafula. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni; asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari; asipokee mishahara miwili au zaidi; asiwe na nyumba ya kupangisha. Hapo hapana simba wala silaha. Mshahara ni mshahara, nyumba ni nyumba. Waliotunga walielewa kwamba tamathali hufaa kumwita mtu, na kwamba ukitaka kumfunga kiongozi, umfunge kwa neno la hakika lisilo na mlango wa nyuma. Masharti hayo yalipolegezwa mwaka 1991 huko Zanzibar, kila mtu alijua ni nini hasa kilicholegezwa, kwa sababu kilikuwa kimeandikwa waziwazi. Je, mtu angewezaje kulegeza, au kutetea, au hata kulaumu, jambo lililosemwa kwa mafumbo?

Basi tupime lugha ya leo kwa kipimo hicho. Katika vikao na mikutano mwananchi huambiwa kwamba mradi wa maji "uko mbioni". Hiyo ni tashihisi, yaani kukipa kitu kisicho na uhai tabia ya kiumbe. Mradi hauna miguu. Msikilizaji aliyefundwa vizuri atauliza: unakimbia kutoka wapi kwenda wapi, nani anaukimbiza, na utafika mwezi gani? Huambiwa pia kwamba Serikali ni "sikivu". Nayo ni tashihisi. Wanaosikia ni watu wenye vyeo na majina, wanaokaa katika ofisi zenye milango. Kilio kikipelekwa kwa "Serikali" yenye masikio bila ya kujulikana ni sikio la nani, aghalabu hakuna wa kuulizwa kesho yake. Na yule anayepanda jukwaani akanadi, "Mnataka maji, hamtaki?", umati ukaitikia kwa kishindo, ametumia swali la balagha, swali lisilotaka jibu. Ni pambo halali kabisa. Lakini wananchi wasirudi nyumbani wakidhani kwamba wameulizwa maoni yao.

Takriri nayo ni pambo halali. Kaulimbiu ya mwaka 2005, ya ari mpya, nguvu mpya na kasi mpya, ilikaa vichwani mwa watu kwa sababu ya neno moja lililorudiwa mara tatu, na hata watoto wadogo waliweza kuiimba. Ile ya Kilimo Kwanza ya mwaka 2009 haina kuazima ndani yake. Inataja kitu na inataja nafasi yake. Kwa hiyo inapimika: mtu anaweza kufungua kitabu cha bajeti akatazama kama kweli kilimo kilikuwa cha kwanza. Ukiilinganisha na Siasa ni Kilimo utaona tofauti ya kazi. Moja ni wito, nyingine ni ahadi. Hatusemi kwamba wito ni duni. Tunasema kwamba wito na ahadi haviulizwi maswali yale yale.

Lakini katika tamathali zote, inayotutia mashaka zaidi ni tafsida. Tafsida kwa asili ni adabu. Hatusemi mbele ya wazee kwamba mtu amekufa, twasema ametutoka. Mja mzito hatumwiti kwa neno linalomfaa mnyama. Kiswahili bila ya tafsida hakiwezi kukaa barazani. Hatari ni pale tafsida inapovuka kutoka katika adabu kuingia katika hesabu. Mchango wa lazima ukiitwa mchango, mtu hupoteza haki ya kukataa na haki ya kupewa stakabadhi kwa mara moja. Rushwa ikiitwa chai, hata mwenye kuidai huona kwamba anaonewa akinyimwa. Na jambo hili halikuishia mitaani. Mwaka 2000 sheria yetu ya uchaguzi ilirekebishwa ikaingizwa ndani yake kitu kilichoitwa takrima, yaani ukarimu wa kiasili ambao mgombea aliruhusiwa kuwafanyia wapiga kura. Neno lenyewe ni tukufu, lina undugu na karama na ukarimu. Nani aupinge ukarimu? Miaka sita ilipita, chaguzi zikafanyika, mpaka Mahakama Kuu ilipotamka mwaka 2006 kwamba vifungu hivyo vilikuwa kinyume cha Katiba. Majaji walilazimika kulivua neno vazi lake ili kuona kilichokuwa chini. Sisi tulio katika Chama tunapaswa kulikumbuka neno hilo kila unapokaribia uchaguzi, na hasa wakati wa kura za maoni, maana vazi likivuliwa kwa mmoja halikosi kushonewa mwingine.

Upo pia upande mzito kuliko huo. Tulipokuwa tukijenga Ujamaa, neno unyonyaji lilienea nchi nzima, na pamoja nalo likaja neno kupe. Mnyonyaji hulinganishwa na kupe kwa jambo moja: anaishi kwa jasho la mwingine. Hiyo ndiyo nguzo ya nne, nayo ilikuwa wazi na ya haki. Lakini kupe ana mambo mengine pia. Kupe hung'olewa, hukanyagwa, wala hana mtu wa kumlilia. Asiyejua mipaka ya mfano huubeba mfano wote. Yalitokea hayo katika nchi jirani ya Rwanda mwaka 1994, ambako binadamu waliitwa mende redioni siku baada ya siku, na wengi waliosikia walichukua panga. Mahakama ya Kimataifa iliyokaa hapa kwetu mjini Arusha iliwatia hatiani mwaka 2003 watu wa redio na wa gazeti waliohusika na maneno ya aina hiyo, na rufaa ya mwaka 2007, ingawa ilipunguza adhabu zao, haikuwatoa gerezani. Mwenye kusema kwamba tamathali ni mambo ya darasani tu, akasome hukumu hiyo.

Tumesikia hoja kwamba wananchi wa kawaida hawawezi kuelewa istilahi hizi. Hoja hiyo inawadharau watu wanaozitumia kila siku. Nendeni sokoni mkatazame khanga. Mwanamke wa Tanga haivai khanga kabla ya kusoma jina lake, na akiivaa kupita mbele ya nyumba fulani, mwenye nyumba hujua amesemwa, na majirani hujua, na bado hakuna neno lililotamkwa wala mtu wa kumshtaki. Hicho ni kijembe kilichokamilika, chenye mlengwa, chenye siri na chenye mashahidi. Mji huu ndio uliotoa vikundi vya taarab vya Black Star na Lucky Star, na watu waliokesha wakivisikiliza walijua bila ya kuambiwa kwamba ua si ua, na kwamba chombo kinachozama si jahazi. Ujuzi wanao. Wanachokosa ni majina tu, na faida ya jina ni kwamba hukuwezesha kukionyesha kitu kwa mwenzako. Mtu ajuaye kwamba jambo fulani linaitwa tafsida anaweza kusimama katika mkutano wa kijiji akasema, "Ndugu Mwenyekiti, hilo neno ni tafsida, tunaomba jina lake halisi." Asiyejua jina atanung'unika njiani akirudi.

Kwa hiyo tuna mambo machache ya kuomba. La kwanza ni kwa Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, ambalo kusanifu istilahi ni miongoni mwa kazi zake. Vitabu vya fasihi vinavyotumika shuleni vimekuwa vingi, na kila mwandishi huja na yake: huyu anasema sitiari, yule istiara, huyu mubalagha, yule chuku, taashira kwa mmoja ni ishara, kwa mwingine ni kukitaja kitu kwa kile kinachohusiana nacho. Kamusi ya fasihi ya K. W. Wamitila, iliyotoka Nairobi mwaka 2003, ni msaada mkubwa, lakini bado mwanafunzi wa kijijini anafika chumba cha mtihani hajui atasahihishwa kwa kitabu cha nani. Kijitabu chepesi, cha bei ambayo mzazi wa Handeni au Pangani anaimudu, chenye istilahi hizi, asili zake na mifano kutoka katika lugha hai, kingefaa kuliko semina nyingi.

La pili ni kwa watunga mitihani. Swali linalosema "Taja tamathali tano za semi na utoe mfano wa kila moja" limemlea Juma wetu mpaka amezeeka. Mpeni mtahiniwa aya moja ya hotuba, au tangazo la dukani, au barua ya mtendaji wa kata, mumwombe aeleze ni maneno yapi yameazimwa, yameazimwa kutoka wapi, na mwandishi anapata nini kwa kuyaazima. Mtoto atakayelijibu swali hilo hatahitaji kufundishwa uraia mara ya pili.

La tatu ni kwa makada wenzetu wanaoandaa hotuba. Tumieni tamathali kwa ukarimu mnapowaita watu. Mkutano mkavu haumwamshi mtu. Lakini mnapofika kwenye fedha, tarehe, kiasi na jina la mwenye dhamana, ziwekeni kando.

Na walimu wasisubiri kijitabu wala mtihani mpya. Gazeti hili hufika katika shule nyingi za mkoa, hata kama ni la juzi na limefungiwa maandazi. Mwalimu alikunjue, awagawie wanafunzi kurasa zake na kalamu nyekundu, wapige mstari kila wanapoona neno lililoazimwa, kisha waulize vimefanana kwa lipi. Waanze na tahariri hii. Tumeazima sufuria, vazi, silaha na mlango wa nyuma, na huenda yako mengine.